Vikombe Arobaini na Somo la Pili

Chumba cha kurekodia masomo zamani kilikuwa stoo ya viti vilivyovunjika miguu. Mama Birika alikijua tangu enzi hizo, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akifukuza panya humo kwa fagio. Siku binti mmoja mgeni aliposimama mlangoni na kusema kwamba hapa ndipo chuo kikuu kitakapofundishia wanafunzi walio mbali, Mama Birika alimtazama kuanzia viatu hadi nywele, akasema moyoni: huyu naye, Mungu amsaidie.

Mungu alimsaidia, lakini na yeye mwenyewe hakukaa bure. Ndani ya mwezi mmoja viti vilitoka, mablanketi mazito yakatundikwa ukutani ili sauti isiwe na mwangwi, dirisha likazibwa, kamera moja na taa mbili zikasimamishwa. Binti alipanda ngazi mwenyewe, penseli imechomekwa kwenye nywele, misumari midomoni.

Alikuja kuitwa Tena. Jina lake la kweli lilikuwa kwenye kitambulisho alichoning'iniza shingoni, lakini mpiga picha wa kamera ile ndiye aliyembatiza hilo jingine, kwa sababu kila walipodhani wamemaliza, sauti ya binti ilitoka nyuma ya kamera, ya upole, bila hasira hata chembe: "Vizuri sana. Tena."

Kazi yake haikuwa kufundisha. Mama Birika alichelewa kuielewa, akamuuliza siku moja akiwa anafuta meza.

"Sasa wewe mwanangu, kama hufundishi, unafanya nini humu kutwa nzima?"

"Mimi kama fundi cherehani, mama. Kitambaa ni cha mhadhiri. Mwili ni wa mwanafunzi. Mimi nakata na kushona mpaka kimkae."

"Na kisipomkaa?"

"Kosa la fundi. Hujawahi kusikia mtu akilaumiwa kwa kuwa na mabega."

Mama Birika alicheka mpaka akaweka kitambaa chini. Alikuwa mjane wa miaka kumi na moja, ameishia darasa la saba, na kazi yake pale chuoni ilikuwa kufagia na kupeleka chai katika ofisi tano za ghorofa ya chini. Kwa miaka yote aliyofanya kazi miongoni mwa wasomi, hakuwahi kumsikia msomi akisema kwamba mwanafunzi asipoelewa, kosa ni la mwalimu.

Alikuwa na sababu yake ya kulishika neno hilo, na sababu hiyo hakumwambia mtu.

Mwanawe kitinda mimba alikuwa mwanafunzi wa chuo hichohicho. Alikuwa amesoma vizuri masomo yote, isipokuwa takwimu. Takwimu ilifundishwa na daktari mmoja wa falsafa, mrefu, mwenye miwani ya kamba, ambaye uso kwa uso watu walimwita Dokta na mgongoni wakamwita Panga, kwa jinsi somo lake lilivyokata vichwa. Kitinda mimba alilifeli mara ya kwanza. Akaolewa, akazaa, akapata kazi ya kugawa dawa katika zahanati, safari ya siku mbili kutoka mjini. Akarudi kufanya mtihani, akafeli mara ya pili. Mara ya tatu ndiyo ya mwisho kwa sheria za chuo. Akifeli hiyo, au asipoifanya, jina linafutwa, na miaka mitatu ya kusoma inakuwa hadithi ya kuwasimulia wajukuu.

Ndipo chuo kikatangaza kwamba takwimu itafundishwa kwa majaribio kwa njia ya mtandao. Wanafunzi ishirini wa mbali wangechaguliwa kwa kura. Jaribio likienda vizuri, kozi itaruhusiwa na wao watafanya mtihani. Likienda vibaya, Kamati ya Masomo itaifunga, na atakayetaka takwimu atarudi kukaa darasani miezi minne. Kitinda mimba, mwenye mtoto mgongoni na zahanati isiyo na mtu mwingine wa dawa, miezi minne angeitoa wapi?

Jina lake lilitoka katika kura. Mama Birika alipiga magoti siku hiyo akashukuru, kisha akafunga mdomo. Hakutaka hata siku moja isemwe kwamba mtoto wake alipita kwa nguvu ya chai ya mama yake.

*

Panga alikuja kurekodi akiwa amevaa tai, na faili la karatasi zilizogeuka rangi ya manjano kwa uzee.

"Nitausoma mhadhara wa kwanza wote," alisema. "Saa mbili. Nimeusoma hivyo miaka ishirini na sita."

"Na mwanafunzi atakuwa anafanya nini saa hizo mbili, Dokta?"

"Atakuwa anasikiliza."

"Kisha?"

"Kisha nini?"

"Akishasikiliza, ataweza kufanya nini ambacho asubuhi alikuwa hawezi?"

Panga alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. "Binti, ataweza kusikiliza mhadhara wa pili."

Mpiga picha alikohoa kikohozi kisichokuwa cha mafua.

Tena hakubishana. Alichukua karatasi moja nyeupe, akaandika juu kabisa jambo moja ambalo mwanafunzi lazima aweze kulifanya mwisho wa somo. Chini yake akaandika zoezi la kuonyesha kwamba analiweza. Nafasi iliyobaki, ya upana wa vidole vinne hivi, akamsogezea Dokta.

"Hapa ndipo pa maneno yako."

"Hapa? Hapa hapatoshi hata salamu!"

"Basi tusiwasalimie, tuwafundishe."

Mama Birika, aliyekuwa akikusanya vikombe, aliuona uso wa Panga ukiwa haujui ukasirike au ucheke. Haukufanya lolote. Akaketi, akaanza kuandika upya.

Somo la pili, lile la wastani, lilirekodiwa kwa dakika saba. Panga alisema vizuri, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuheshimiwa. Alipomaliza, Tena aligeuka nyuma.

"Mama Birika, tafadhali kaa hapa utazame."

"Mimi? Mimi darasa la saba, mwanangu."

"Ndiyo maana nakutaka wewe. Dokta analijua somo, mimi nimelisikia mara tisa. Humu ndani hakuna mjinga aliyebaki ila wewe, na mjinga ni mali."

"Haya, nimeshatukanwa vya kutosha, niwashie."

Alitazama dakika zote saba, mikono mapajani, kama yuko ibadani. Kisha Tena akamuuliza wastani ni nini na unadanganya wakati gani. Mama Birika alifikiri.

"Nimeona namba nyingi," alisema taratibu. "Nimeona Dokta ana sauti nzuri. Zaidi ya hapo sitasema uongo."

Panga alisimama. "Sasa tunapimwa na mpika chai?"

"Tunapimwa na msikilizaji," Tena alisema. "Mama, wewe hujumlishi na kugawanya kwenye kazi yako?"

"Nagawanya kila siku! Ofisi tano, vikombe arobaini." Akawa anahesabu kwa vidole. "Bwana Mipango vikombe viwili. Maktaba vitatu. Wahasibu vitatu. Dokta hapa viwili, kimoja anakisahau. Na Msajili, kwa vile wageni wake hawaishi, thelathini. Mwaka wa kwanza nilipoanza, yule bosi aliyenipokea aliniambia, arobaini gawa kwa tano, peleka vinane vinane kila ofisi. Nikafanya alivyosema. Wengine chai ikawapolea mezani, kwa Msajili wageni wakanitolea macho. Nikajiambia, hesabu ni sawa, lakini ofisi ya kunywa vikombe vinane iko wapi? Haipo hata moja!"

Panga alikuwa ameshika miwani hewani.

"Rudia," alisema.

"Nirudie nini, Dokta?"

"Ofisi ya kunywa vinane."

"Haipo."

Panga aliketi. Alichukua kalamu akaandika mbili, mbili, tatu, tatu, thelathini, akaizungushia duara ile tatu ya katikati. "Miaka ishirini na sita," alisema, kama anayezungumza na karatasi, "natafuta mfano mmoja."

Siku ya pili yake somo lilirekodiwa upya, birika na vikombe vya kweli vikiwa mezani. Tena alisema neno lake mara kumi na moja. Mara ya nane Panga alimwaga chai kwenye tai. Mara ya kumi na mbili alisahau kwamba kuna kamera, akaliinamia birika na kuuliza, kana kwamba anamuuliza jirani, "Sasa niambie, ofisi hiyo iko wapi?" Tena akazima taa, akasema, "Hilo."

Mama Birika aliona mengi miezi ile. Alimwona Tena akisoma kila ukurasa kwenye simu ya bei ndogo, yenye kioo kilichopasuka, aliyoiweka makusudi kwa kazi hiyo, ili ajue herufi zinaonekana au hazionekani. Alimwona akiandika kila neno lililosemwa kwenye video, kwa ajili ya wasiosikia vizuri. Alimwona akikata dakika sita ambazo Panga alizipenda kuliko zote, halafu akimletea Panga chai kwa mkono wake mwenyewe ili amfariji. Na kwa watu wenye bando dogo alitengeneza toleo jepesi: masomo yaleyale kwa maandishi na sauti tu, bila video, mazoezi yaleyale, yasiyokula bando.

"Huyu mtoto," Mama Birika alimwambia mpiga picha, "anawafikiria watu asiowajua kama mwenye nyumba anayengoja wageni."

Jambo moja tu Panga alilisimamia kidete.

"Wasirukeruke," alisema. "Mtu asiingie somo la tatu kabla hajamaliza la pili. Takwimu si gazeti."

Tena aliona ni haki. Akaweka kanuni: video ikitazamwa mpaka mwisho na zoezi likifanywa, somo linalofuata linafunguka lenyewe. Somo la kwanza, kwa kuwa lilikuwa la kuonyesha namna ya kuitumia kozi tu, liliachwa wazi. Akamkalisha Mama Birika kwenye kompyuta ya ofisini, Mama akatazama somo la pili, akafanya zoezi, la tatu likafunguka. Wakapigiana makofi. Shetani alipita hapohapo, katikati ya makofi, na hakuna aliyemwona.

*

Jaribio lilipoingia wiki ya tatu, Jumapili mchana, Mama Birika alitoka ibadani, akavua viatu na kumpigia mwanawe.

"Unaendeleaje na masomo?"

Upande wa pili kulikuwa na kilio cha mtoto. "Mama, nataka kukuambia kitu, usinikasirikie. Nafikiri niandike barua ya kujitoa."

Mama Birika alikaa kwenye kiti cha karibu. "Kujitoa kwenye nini?"

"Kwenye chuo. Mimi si mtu wa chuo, mama. Nimekwama somo la pili. Nimelisoma mara tano, zoezi nimelifanya mara nne. Linaniambia, hujakamilisha somo la pili. Wenzangu wako la sita."

"Somo la pili ni lipi?"

"La wastani. Lile la chai." Kitinda mimba alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayefuta kamasi. "Mama, ile ofisi yenye vikombe thelathini si ndiyo ulikuwa ukitusimulia? Nilipolisoma nilikusikia wewe kabisa."

"Na umelielewa?"

"Nilidhani nimelielewa. Nimeandika hata foleni yangu ya dawa. Watu wengi wanangoja dakika kumi, mmoja aliyekosewa jina akangoja saa nne, ukitafuta wastani utadhani kila mtu anateseka. Namba ya katikati ndiyo inayosema kweli. Sasa kama siyo hivyo, basi sijui."

Mama Birika alijua ndivyo. Alikuwa amekaa mbele ya somo lile mara nyingi kuliko binadamu yeyote.

"Umeuliza kwa nini huendelei?"

"Nimuulize Panga? Mama, mwenzangu mmoja aliuliza pale penye maswali. Alijibiwa na Panga mwenyewe: 'Soma maelekezo. Maliza somo la pili.'"

"Usiandike barua," alisema Mama Birika. "Nipe mpaka Jumanne."

"Jumanne utafanya nini, mama?"

"Nimesema nipe."

Alipokata simu hakujua atafanya nini. Aliomba, na katika kuomba kwake alikutana na mambo mawili yaliyomuuma. La kwanza, akisema, itabidi aseme ni mwanawe, na maneno ya chai yataanza. La pili lilikuwa zito zaidi. Kama kuna kosa, ni la Tena, na Kamati ilikuwa inakaa Jumatano. Angemwendea vipi binti yule, aliyefanya kazi mpaka macho yakawa mekundu, amwambie kazi yako ina tundu?

Kisha akakumbuka fundi cherehani. Fundi wa kweli haogopi kuambiwa kwapa linabana. Anaogopa mtu atakayelivaa vazi hivyohivyo bila kusema.

*

Jumatatu aliwahi kuliko siku zote, lakini Tena alikuwa amemtangulia. Kwenye kompyuta kulikuwa na orodha ya majina ishirini. Tisa yalikuwa na rangi ya kijani mpaka somo la sita. Kumi na moja yalikuwa yamesimama somo la pili kama ng'ombe waliokuta mto umejaa.

Panga alikuwa ameegemea meza. Hakuwa na furaha ya kushinda. Alionekana mzee.

"Nilikuambia tangu mwanzo," alisema. "Mwanafunzi ukimwacha nyumbani analala. Kumi na moja kati ya ishirini. Kesho kutwa Kamati itatuuliza, na mimi nitasema nini?"

Tena alikuwa anayatazama majina moja baada ya jingine, penseli mdomoni.

Mama Birika aliweka birika chini. Hakumimina.

"Hawajalala," alisema.

Wote wawili waligeuka.

"Mmoja wao ni mwanangu. Nambari kumi na nne hapo." Alikaza fundo la kanga. "Sikusema kwa sababu sikutaka upendeleo, na leo siombi upendeleo. Amelisoma somo la pili mara tano. Zoezi mara nne. Jana amenieleza wastani na namba ya katikati kwenye simu, mtoto analia, na ameeleza sawasawa. Mtu aliyelala haelezi hivyo. Mwanangu Tena, unisamehe, lakini kazi yako mahali fulani inabana."

Panga alifungua mdomo. Tena aliinua kiganja bila kumtazama.

"Anasomea kwenye nini, mama?"

"Simu. Ile nyepesi, ya maandishi."

"Simu yako iko wapi?"

Mama Birika akaitoa kwenye fundo la kanga. Tena akaiingiza kwenye kozi, toleo jepesi, akamrudishia. Hakumsaidia, hakumwonyesha pa kubonyeza. Alivuta kiti akakaa kando yake, mikono mapajani, vilevile Mama Birika alivyokaa siku ile ya kwanza.

Mama Birika alisoma kila mstari kwa kidole. Alifanya zoezi. Akabonyeza pa kumaliza. Maandishi yakatokea, akayasoma kwa sauti: "'Hujakamilisha somo la pili.'"

"Tena," alisema Tena, lakini safari hii sauti ilikuwa nyembamba.

Akarudia. Yakatokea yaleyale.

Tena aliyatazama maandishi yale kwenye kioo. Kisha akajipiga paji la uso kwa kiganja.

"Video," alisema. "Niliiambia kozi imfungulie mtu akimaliza kutazama *video*. Toleo jepesi halina video. Mtu atamaliza vipi kutazama kitu ambacho nimemwondolea mimi mwenyewe?" Vidole vyake vilikuwa tayari kwenye kompyuta. "Tisa waliopita, wote wa video. Kumi na moja waliokwama..." Alihesabu mpaka mwisho. "Wote wepesi. Wote. Nimewatengenezea njia, halafu nikaiziba, nikakaa hapa nashangaa hawapiti."

"Kwani si tulijaribu?" aliuliza Mama Birika.

"Tulijaribu kwenye kompyuta ya ofisi, mama. Mtandao wa bure, kioo kikubwa. Nilikupima wewe kama tajiri."

Panga alikuwa bado amesimama. "Lakini mazoezi yao yako wapi? Mimi sijaona hata moja."

"Hayaletwi mpaka somo likamilike." Tena alibonyeza mahali. "Haya hapa. Yalikuwa yanangoja mlangoni."

Panga aliinama kwenye kioo. Alisoma la kwanza, la pili. Kulikuwa na mtu aliyelifanya mara saba, kila mara kwa mfano tofauti, akidhani anakosea. Alipofika nambari kumi na nne, foleni ya dawa, alisoma polepole, akarudi juu akasoma tena. Akavua miwani.

"Huyu," alisema, "nimemfelisha mara mbili."

Mama Birika sasa ndipo alipomimina chai, kwa kuwa mikono ilihitaji kazi.

Kurekebisha kanuni kulichukua dakika nne. Mama Birika alidhani mambo yamekwisha, na hapo ndipo alipomwona Tena alivyo. Maana angeweza kunyamaza. Masomo yangefunguka, watu wangedhani ni mtandao, Kamati isingejua lolote. Badala yake alichukua simu, akapiga namba ya kwanza kati ya kumi na moja.

"Habari za asubuhi. Mimi ndiye niliyeitengeneza kozi yenu ya takwimu. Ulikwama somo la pili. Nimepiga kukuambia kwamba hukukosea kitu. Nimekosea mimi. Sasa liko wazi."

Alisema hivyo kwa kila aliyempigia, na hakuna mara aliyosema kwa haraka kuliko nyingine. Baadhi yao aliwasikiliza kwa muda mrefu, maana walikuwa wanalia. Kabla ya ile ya tano, Panga alinyoosha mkono. "Hao wawili walioniuliza nikawajibu vile," alisema. "Nipe namba zao mimi."

*

Jumatano Mama Birika ndiye aliyepeleka chai kwenye Kamati, kwa hiyo aliona. Watu saba mezani, Mwenyekiti katikati akiwa na ile orodha.

Tena hakuanza na sifa za kozi. Alisimama akasema, "Nitaanza na kosa langu," akalieleza lote, kwa maneno ambayo hata mwenye birika aliyaelewa.

Mwenyekiti alikunja uso. "Sasa kama kosa dogo hivi lilikupita wiki tatu, kwa nini tuamini hakuna mengine?"

"Msiamini," alisema Tena. "Yapo. Ninachowaomba ni wiki tatu za kuwapa hawa kumi na moja muda niliowaibia, na kanuni moja mpya: hakuna kozi itakayotoka kwangu kabla mtu asiyelijua somo hajaipitia yote kwenye simu yake mwenyewe, kwa bando lake mwenyewe."

"Na Dokta anasemaje? Wewe ulikuwa hutaki mambo haya tangu mwanzo."

Panga alisimama. Mama Birika alishika birika kwa mikono miwili.

"Nimefundisha miaka ishirini na sita," alisema Panga. "Mwanafunzi akikwama, nilimwambia rudi ukasome. Walikuwa wengi sana. Sikuwahi hata mara moja kukaa kando ya mmoja wao nikatazama anakwamia wapi." Alimwonyesha Tena kwa kidole. "Huyu alikaa. Ilimchukua saa moja. Wapeni wiki tatu. Na mkiwanyima, basi mninyime na mimi darasa, maana sirudi kusoma zile karatasi za manjano."

Mwenyekiti aliangalia huku na huku, akaomba chai. Kisha akatoa wiki tatu.

Jioni hiyo, jua bado liko juu, simu ya Mama Birika iliita kwenye fundo la kanga.

"Mama, niko somo la nne. Lile la tatu nimelimaliza hapa zahanati, mtu wa mwisho wa foleni alipoondoka. Mama, unajua waliponipigia walisema nini?"

"Walisema nini?" aliuliza, kana kwamba hajui.

Wiki tatu zilipita, na mtihani baada yake. Kati ya ishirini walifaulu kumi na nane, idadi ambayo somo la Panga halikuwahi kuiona tangu lizaliwe. Kitinda mimba hakuwa wa kwanza wala wa pili. Alipata alama sitini na nne, akazisoma kwenye simu huku amebeba mtoto, kisha akazisoma tena kwa mama yake, tarakimu moja moja.

Siku matokeo yalipobandikwa, Mama Birika alipeleka vikombe viwili ofisini kwa Panga kama kawaida. Alimkuta anaandika.

"Mama Birika, kaa kidogo." Dokta alitafuta maneno, jambo ambalo halikuwa desturi yake. "Ule mfano wa binti yako, wa foleni ya dawa. Nataka kuuweka kwenye somo la mwakani, baada ya ule wa chai. Muulize kama ataniruhusu. Mwambie jina lake litaandikwa."

Mama Birika alitoka, akasimama kwenye ukumbi karibu na chumba cha mablanketi. Kutoka ndani, sauti ya Tena ilikuwa ikimwambia mhadhiri mpya wa sheria kwamba imekuwa vizuri sana, tena. Akapiga simu.

"Mwanangu, Dokta anaomba mfano wako."

"Nani anaomba? Panga?"

"Huyohuyo."

"Ameomba, au ameagiza?"

"Ameomba. Na kile kikombe anachokisahau kila siku, leo amekinywa chote akitafuta maneno."